Lamu huungua Machi, Maskati Juni, Toronto Julai: mbona jua ni moja?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Mkomani, Lamu. Kaka yangu anaishi Maskati na mwanangu yuko Toronto, na kila tukipigiana simu tunabishana habari za joto. Sisi hapa hari hutumaliza mwezi wa tatu na wa nne, kisha mwezi wa saba na wa nane tunalala tumejifunika. Kaka anasema kwao moto wenyewe ni mwezi wa sita. Mwanangu anasema kwao ni wa saba, na baridi kali haiji Disemba siku zikiwa fupi, huja mwisho wa Januari. Shuleni tulifundishwa kuwa huku kwetu jua hupita utosini mara mbili, Machi na Septemba. Mbona basi Septemba haina joto la Machi? Jirani yangu anasema yote hayo ni kwa sababu dunia hulikaribia jua mwezi wa kwanza. Ni kweli? Na kwa kuwa wote wawili wanataka niwatembelee, niende lini?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na jirani yako, kwani kauli yake ina nusu ya ukweli. Dunia hulikaribia jua mwanzoni mwa Januari, ikawa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali kabisa, kilomita milioni 152. Tofauti hiyo hufanya mwanga wa jua unaotufikia Januari uzidi ule wa Julai kwa karibu asilimia 7. Si kidogo. Lakini kama umbali ndio ungeshika usukani, dunia yote ingepata joto pamoja mwezi wa kwanza, na mwanao asingekuwa anakwangua theluji mlangoni. Tena ukichukua wastani wa joto la uso wa dunia nzima, Julai huishinda Januari kwa karibu digrii 4. Dunia ina joto zaidi wakati iko mbali na jua! Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nchi kavu iko upande wa kaskazini wa ikweta, na nchi kavu hushika moto upesi kuliko bahari. Hilo la nchi kavu na bahari lishike, kwa sababu majibu yako mengi yamo humo.

Kinacholeta majira ni ule mhimili wa dunia uliolala kwa digrii 23.4. Miezi sita upande wa kaskazini unalielekea jua, miezi sita upande wa kusini. Tarehe 21 Juni, jua la adhuhuri hapo Lamu liko upande wa kaskazini wa kichwa chako, kimo cha digrii 64 hivi kutoka upeo wa macho. Siku hiyohiyo jua la adhuhuri Toronto limepanda karibu digrii 70. Naam, la Toronto liko juu kuliko la Lamu, na juu ya hayo linakaa angani zaidi ya saa 15 wakati letu linakaa saa 12. Kwa hiyo siku hiyo mwanao anamiminiwa jua jingi kuliko wewe uliye hatua chache kutoka ikweta. Watu wengi hawaliamini hili mpaka wapige hesabu wenyewe. Disemba mambo hugeuka: jua la Toronto halivuki digrii 23 na mchana hautimii saa 9.

Kwetu mchana mrefu na mchana mfupi hutofautiana kwa robo saa hivi tu. Ramadhani ya 2013 iliangukia Julai na ile ya 2025 ikaangukia Machi, na urefu wa mfungo Lamu ulikuwa karibu uleule. Walio Toronto mwaka ule wa 2013 walifunga zaidi ya saa 16. Basi kwa hesabu ya jua peke yake, Lamu haikustahili kuwa na majira ya kusemwa. Na majira tunayo. Ndipo hesabu ya jua inapokwisha na nyingine inapoanza.

Kwanza nikueleze kwa nini joto huchelewa. Fikiria jabia la kukingia maji ya mvua, kama yale ya zamani ya Pate na Siyu. Mvua inanyesha, na watu wanateka. Maji hayafiki juu kabisa pale mvua inapokuwa kali kuliko zote. Mvua ikianza kupungua, maadamu kinachoingia bado kinazidi kinachotekwa, maji yanaendelea kupanda. Hufika kilele siku ile kiingiacho na kitokacho vinapolingana. Joto la mahali ndivyo lilivyo. Ardhi hupokea kutoka kwa jua na kutoa kwenda angani, usiku na mchana. Toronto, 21 Juni ndiyo siku ya mapato makubwa, lakini kwa mwezi mzima baadaye mapato bado yanazidi matumizi, kwa hiyo joto linapanda hadi katikati au mwisho wa Julai. Baridi nayo vivyo hivyo: baada ya 21 Disemba siku zinaanza kurefuka, lakini kwa muda ardhi bado inapoteza zaidi ya inachopata, na baridi inazidi hadi mwisho wa Januari. Mwanao yuko sahihi kabisa.

Jambo hili unaliona kila siku nyumbani. Jua huwa juu adhuhuri, ilhali saa ya joto kali ni saa nane au saa tisa. Na saa ya baridi zaidi si usiku wa manane, ni alfajiri, karibu na kuchomoza jua. Zile nyumba za Mkomani zenyewe zinafundisha somo hili. Mwezi wa tatu, baada ya swala ya isha, weka kiganja kwenye ukuta wa matumbawe upande uliopigwa na jua la alasiri. Ukuta wa unene wa karibu nusu mita utaukuta bado una uvuguvugu, na chumba cha ndani kitakuwa kinafukuta wakati kichochoroni kumeshapoa. Joto ulilo nalo kitandani ni la mchana uliokwisha. Waliojenga nyumba hizo walijua: wakabananisha nyumba ili vichochoro vipate kivuli, na orofa ya juu wakaiacha wazi chini ya makuti ili watu wapande wakalale kwenye upepo.

Bahari ni ukuta mnene kupita wote. Kilo moja ya maji huhitaji joto mara 4 na zaidi kuliko kilo ya mchanga mkavu ili ipande digrii moja. Mwanga wa jua hupenya maji, hauishii juu juu kama kwenye udongo. Na mawimbi huchanganya maji hayo hadi makumi ya mita kwenda chini, kwa hiyo jua halipashi joto ngozi ya bahari tu, linapasha unene wote ule. Ndiyo maana mji wa barani, wenye nchi kavu pande zote, huchelewa kwa wiki tatu au nne nyuma ya jua, na mji wa pwani unaopigwa na upepo wa baharini huchelewa hadi miezi miwili. San Francisco ni mfano mashuhuri. Huko Julai ni ukungu na makoti, kwani mkondo wa bahari ni baridi na maji ya chini huibuka pwani majira ya joto, na mwezi wenye joto zaidi ni Septemba. Miji mingine ya Marekani iliyo mbali na bahari, kama Chicago, imeshamaliza joto lake Julai.

Sasa tuje kwetu.

Jua hupita utosini pa Lamu katikati ya Machi, tarehe 14 au 15, na tena mwisho wa Septemba, tarehe 28 au 29. Hapa Malindi ninapoandika, kwa kuwa tuko kusini zaidi kidogo, ni kama Machi 12 na Oktoba 1. Mwalimu wako hakukosea. Jua la siku hizo mbili ni sawa. Kisicho sawa ni bahari jua linayoikuta, na upepo unaovuma juu yake.

Chukua Septemba. Kusi limevuma tangu Aprili. Limetoka kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako Juni na Julai ni majira ya baridi, limevuma juu ya maji kwa maelfu ya kilomita, na likifika huku ni kali na halikatiki. Juni na Julai bahari ya nje hailaliki, na wavuvi wengi wa Lamu hujifungia mikondoni, nyuma ya visiwa. Upepo kama huo hunyang'anya bahari joto kwa kuyavukiza maji yake, na huikoroga ikachanganyika na maji ya chini yaliyo baridi. Mawingu nayo hukinga jua. Mwezi wa nane maji ya pwani yetu yameteremka hadi digrii 25 hivi. Basi jua likirudi utosini mwisho wa Septemba, linaikuta bahari ikiwa ndio kwanza imetoka kwenye baridi yake kubwa, na demani bado inapepea. Jua lina nguvu lakini bahari bado haina akiba. Miezi inayofuata ndiyo ya kuweka akiba: Oktoba na Novemba upepo unalegea, maji yanaanza kupata moto, ingawa mvua za vuli hurudisha nyuma kidogo.

Disemba kaskazi linashika. Watu hudhani upepo unaotoka upande wa Uarabuni lazima uwe wa moto, na kwa kweli ni kiangazi cha jua kavu, lakini Januari na Februari upepo huo huokoa. Jua linachoma, ngozi inakauka, na ukikaa barazani upande wa upepo unapumua. Bahari nayo inaendelea kujaza joto siku kwa siku, kwani mawingu ni machache.

Kisha ndipo mambo matatu yanapokutana mwezi mmoja. Machi jua liko utosini. Bahari imefika kilele chake, digrii 29 hivi, baada ya miezi mitano ya kupashwa. Na kaskazi linakufa kabla kusi halijaanza, ndiyo ile tangambili, tanga linaning'inia na nahodha anangoja. Upepo ukikatika, fukuto linaanza. Hapo kipimajoto hakisemi yote. Ukitazama nambari tu, Lamu ya Machi na Aprili mchana hufika digrii 31 au 32, na ya Julai na Agosti digrii 28 hivi. Wastani wa mwezi wa moto kabisa na wa baridi kabisa umepishana kwa kama digrii 3. Mtu wa Toronto akisikia hivyo atauliza tunalalamikia nini. Tunalalamikia mvuke. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na jasho halikauki kwenye hewa iliyoshiba maji na isiyosogea. Digrii 31 yenye kaskazi la Januari na digrii 31 ya tangambili ni vitu viwili mbali, ingawa simu itakuandikia nambari moja. Usiku ndio mbaya zaidi, kwani bahari yenye digrii 29 hairuhusu hewa iliyo juu yake kupoa. Asubuhi unaamka shuka imelowa.

Ni masika yanayokata mambo. Aprili kusi linaingia na mawingu, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapo kwenu. Ndiyo maana joto letu lina kilele kimoja tu ilhali jua lina vilele viwili: kile cha Machi kinaikuta bahari imejaa joto na upepo umelala, na kile cha Septemba kinaikuta bahari tupu na upepo uko macho. Nayo baridi ya kipupwe huwa Julai na Agosti, kwa kuwa jua lilikuwa chini kabisa Juni, kusi likawa kali Juni na Julai, na bahari ikamaliza kupoa Agosti.

Ukitaka kuona bahari inafanya kazi gani, angalia Garissa. Iko karibu na ikweta kama sisi, mwezi wake wa moto ni Machi kama sisi, lakini mchana hufika digrii 36 au 37. Jua ni lile la Lamu, ila bahari haipo. Na Nairobi nayo hutetemeka Julai na Agosti. Watu husema ni kwa sababu ya mwinuko wake, na mwinuko wa karibu mita 1,800 kweli huupoza mji huo mwaka mzima, lakini mwinuko haupandi wala haushuki Julai. Kinachoileta baridi ya Julai ni lile blanketi la mawingu ya chini yanayoletwa na pepo za kusini mashariki, mawingu yasiyonyesha wala yasiyoondoka, yakalifunika jua wiki nzima.

Jambo moja la Machi hatupaswi kulichukulia wepesi. Bahari ikiwa tayari kwenye kilele chake cha mwaka, joto dogo la ziada linatosha kuleta maafa chini ya maji. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kubwa, kati ya Machi na Mei matumbawe ya pwani yetu yalipauka, na mengi ya hifadhi ya bahari ya Malindi yalikufa. Kama joto hilohilo la ziada lingekuja Agosti, matumbawe yasingehisi kitu. Ndiyo maana sisi tunaopima joto la bahari tunaichunga Machi kuliko mwezi wowote, na ndiyo maana naomba wavuvi na mabaharia wakiona matumbawe yamegeuka meupe miezi hiyo wapige ripoti upesi kwa walinzi wa hifadhi.

Twende sasa kwa kaka yako. Maskati iko karibu kabisa na ule mstari wa kaskazini ambao jua hufika kisha likageuka kurudi kusini, kwa hiyo 21 Juni jua la adhuhuri liko juu ya kichwa chake, kivuli chake kiko chini ya nyayo. Nyuma ya mji ni milima ya mawe makavu na jangwa. Nchi kavu haina subira: jua likifika, joto limefika. Juni wastani wa joto la mchana ni digrii 40 hivi. Ungetegemea Julai izidi, kama Toronto, lakini hapana, mchana unaanza kulegea kidogo Julai, na Agosti uko digrii 36 hivi. Hapo pana mkono wa pepo za msimu, zinazoleta hewa ya baharini na unyevu. Usidhani unafuu ni mkubwa. Mwishoni mwa Juni 2018, Qurayyat, mji wa pwani ulio kusini kidogo mwa Maskati, ulipitisha usiku na mchana mzima bila joto kushuka chini ya digrii 42.6. Usiku, dada yangu, digrii 42!

Na upepo huo wa msimu si mgeni kwetu. Ni kusi letu hilihili. Likishavuka ikweta karibu na pwani yetu, mzunguko wa dunia hulipinda kuelekea kulia, likawa upepo wa kusini magharibi, likafuata pwani ya Somalia kwa kasi kubwa kisha likavuka Bahari ya Arabu hadi India. Vasco da Gama aliondoka hapa Malindi 24 Aprili 1498, kusi likianza, akiongozwa na rubani aliyempata hapahapa, na 20 Mei alikuwa pwani ya Calicut. Wakati wa kurudi hakusubiri kaskazi. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, akahangaika baharini takriban miezi mitatu, mabaharia wakimfia, na akaingia Malindi tarehe 7 Januari 1499. Mabaharia wa huku walikuwa wameijua kalenda hiyo kwa karne nyingi kabla yake.

Kusi hilo likipita pwani ya Somalia husukuma maji ya juu kwenda nje, na maji baridi ya vilindi yakaibuka, hadi mahali pengine joto la bahari linashuka chini ya digrii 20 mwezi wa saba. Jambo kama hilo hutokea pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman. Upepo wenye unyevu hupita juu ya maji hayo baridi, unageuka ukungu na manyunyu, na milima iliyo nyuma ya Salalah inaukamata. Ndio msimu wa kharif, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Septemba. Wakati Maskati inaungua, Salalah ni kijani kibichi, mchana digrii 27 au 28, na watu wa Ghuba hufunga safari kwenda kunyeshewa. Kwa hiyo Oman hiyohiyo moja ina miji miwili: mmoja Julai ni tanuri, mwingine Julai ni kipupwe, na mwezi wa moto wa Salalah ni Mei na mwanzo wa Juni, kabla ukungu haujaingia.

India ni hadithi hiyohiyo. Delhi huungua Mei na Juni, kisha mvua zinafika na kuzima. Mumbai mwezi wa moto ni Mei, mvua zinauteremsha, na zikiondoka joto linarudi mara ya pili Oktoba. Vilele viwili kwa mwaka, lakini vilivyokatwa na mvua, si kwa hesabu ya jua peke yake. Afrika ya Magharibi vivyo hivyo: Bamako huchemka Aprili, karibu digrii 40, na Agosti, mwezi ambao kaskazini yote ya dunia inadhaniwa kuwa kwenye joto, mvua imeuteremsha mji hadi 31 hivi. Kanuni ninayoitumia mimi kwa nchi za pepo za msimu ni hii: usiulize jua liko juu lini, uliza mvua inafika lini, halafu rudi nyuma wiki chache.

Za mbali kabisa nitazipitia haraka. Verkhoyansk, kule Siberia, mbali na bahari yoyote iliyo wazi, wastani wa Januari ni karibu digrii 45 chini ya sifuri na wa Julai ni 16 juu ya sifuri, na tarehe 20 Juni 2020 ulifika 38. Mji huo unaonyesha nchi kavu iliyoachiwa peke yake inavyoweza kupanda na kushuka. Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada ya mwanao, mwezi wa baridi zaidi ni Februari, kwani jua halijachomoza vya kutosha na bahari imefungwa kwa barafu. Na katika Ncha ya Kusini jua likizama Machi, baridi hushuka upesi hadi Aprili kisha hukaa karibu pale pale hadi Septemba. Majira hayo ya baridi hayana kilele cha wazi. Ingawa rekodi ya baridi ya dunia, digrii 89.2 chini ya sifuri, ilipimwa kwenye kituo cha Vostok katika bara hilo la Antaktika 21 Julai 1983.

Sasa safari zako.

Toronto usiende Julai ati kwa kuwa ndio joto. Mwezi huo mchana hufika 27 na kuna siku za mvuke kama wetu, na nyumba nyingi zimejengwa kuzuia baridi, si kupitisha upepo. Nenda mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Mchana unakuwa wa digrii 22 hadi 26, na Ziwa Ontario, lililojaza joto majira yote, huupoza mji polepole, hauanguki ghafla. Mei ni kinyume chake: jua ni kali kama la Julai lakini ziwa bado ni baridi, na upepo wa ziwani utakuchoma masikio. Hata Septemba usiku utateremka hadi digrii 14 au 15, baridi kuliko usiku wetu wa kawaida wa kipupwe, kwa hiyo mwambie mwanao akupokee uwanja wa ndege na sweta zito. Shali ya Lamu haitoshi.

Maskati nakushauri Machi. Januari na Februari ni nzuri kwa wengi, mchana 25, lakini usiku hushuka hadi 17 na wewe hujazoea, na hapo Lamu una kaskazi linalokutosha. Machi Lamu inafukuta, na Maskati wakati huo ni digrii 29 hivi mchana, hewa kavu, usiku 20. Utaikimbia miezi yetu mibaya. Kaka akikushika ukae zaidi, mkubalie hadi katikati ya Aprili tu, kwani jangwa hupanda upesi: Aprili wastani wa mchana umeshafika 34, na Mei umekaribia 40. Ukirudi wiki ya tatu ya Aprili utaikuta Lamu bado na hari, lakini mawingu ya masika yatakuwa yameshaanza kujikusanya upande wa kusini. Na akikwambia urudi kumtembelea tena mwezi wa saba au wa nane, mwambie akupeleke Salalah.